Tawi Lililovuka Ukuta

2 Machi

Naandika kwa sababu nimechoka kuongea na cherehani. Cherehani haijibu, na binti yangu akijibu ni kumtetea adui. Kwa hiyo kila nitakalofanyiwa na jirani msimu huu wa mvua nitaliweka hapa, ili siku nikiambiwa kwamba nilianza mimi niwe na pa kuonyesha.

Jirani ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tumbo moja, ziwa moja. Lakini wifi ni neno la watu wanaopendana, au angalau wanaoogopana, na sisi hatumo huku wala kule. Kaka yake alipofariki alingoja machozi yakauke kidogo, kisha akasema nyumba ni ya wazazi wao na yeye anataka nusu yake. Akapata. Ukuta wa matofali ukapita katikati ya ua, kimo cha kifua, na mpaka leo haujapigwa plasta upande wowote, maana kila mmoja anamngoja mwenzake aanze. Yeye alipata geti kubwa na kamba ya kuanikia. Mimi nikapata bomba la maji na mkomamanga.

Yaani nusu ya mkomamanga. Shina liko kwangu. Tawi moja, nene kuliko yote, limevuka ukuta na maua yake yanadondoka kwake.

Mti wenyewe haufai kitu, niseme ukweli. Mume wangu aliununua kwa muuza miche wa pale njia panda, akaapiwa kwamba utazaa makomamanga makubwa kama ngumi mbili. Ukatoa maua mekundu yaliyojikunja kama marinda, na baadaye vitunda vigumu vya ukubwa wa ndimu ambavyo ndege anadonoa mara moja, harudi tena. Ni mti wa pambo. Nilimcheka mume wangu mwaka mzima. Yeye akasema, "Mke wangu, si kila kitu ni cha kutafuna," akaendelea kuumwagilia. Sasa hayupo, na anayeumwagilia ni mimi.

Leo nimeona kwapa la lile tawi, pale linapotoka shinani, limelainika. Nimebonyeza, kidole kikazama.

4 Machi

Muuza miche amekuja. Ni yuleyule aliyemwuzia mume wangu uongo, lakini mtaa mzima hauna mwingine. Amegonga tawi kwa mpini wa bisibisi akisikiliza. Kwenye tawi linalia ko, ko. Kwapani halilii kitu, kama unagonga mto wa pamba. Akachomeka bisibisi yenyewe, ikaingia bila kubishana.

Amenieleza kwamba tawi likatwe karibu na shina, kwenye sehemu nzima, kabla mvua hazijakolea. La sivyo maji yatatuama kwenye shimo na uozo utashuka shinani, na hapo hakuna tena mti. Akaongeza kwamba makomamanga yangekuwa makubwa kama tungeweka mbolea tangu mwanzo. Hilo nimelipuuza. Kisha akaaga, anafunga kibanda anakwenda kwao kulima, atarudi mvua zikianza kupungua.

Nimemtuma binti yangu upande wa pili. Yeye ni nesi. Akitoka zamu hupitia kwangu, halafu kwa shangazi yake, utadhani ukuta hauoni. Amerudi na jibu: "Shangazi kasema usiguse. Tawi liko kwake."

Nikamwambia akamwambie shina liko kwangu. Akasema miguu inamuuma, na kama mimi na shangazi tuna midomo, tuitumie.

5 Machi

Sijaitumia.

6 Machi

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tayari tumejenga na ufa bado uko palepale.

Nieleze huyu ni mtu wa namna gani. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana miaka yote ya kazi yake. Yeye amestaafu, ila kengele yake hakuistaafisha. Kila saa sita mchana anaipiga uani, yuko peke yake, anajiita mwenyewe kula. Nikiwa nashona nashtuka kila siku kama mwanafunzi aliyefanya kosa.

Siku ya kugawana vitu vya mume wangu hakutaka saa wala redio. Alisimama pale mlangoni na mikono nyuma, akasema anataka shati moja. Nilikuwa na hasira za ukuta, nikampa lililokuwa juu ya rundo la matambara, la mistari ya buluu, mfuko umechanika. Nilikuwa nimelishona mwenyewe. Akalipokea bila asante, na tangu siku hiyo sijaliona kwenye kamba yake. Bila shaka anadekia.

8 Machi

Nimeona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Nilikuwa dirishani nakunja pindo za sare za wahudumu wa hoteli, nikaona kichwa cha jirani kinachomoza juu ya ukuta. Alikuwa juu ya kigoda, na goti lake bovu, kisu kidogo mkononi. Hakukaribia pale palipooza. Alikwenda mbele zaidi, sehemu nyembamba isiyooza, iliyo juu ya ua wake, akamenya gome kwa kulizungusha, upana wa vidole viwili, mpaka tawi likabaki na pete nyeupe iliyo uchi.

Mimi nimezaliwa kwa wakulima. Kwetu, mti ukitakiwa ufe ukiwa umesimama, unamenywa hivyohivyo. Unamenya pete, unakwenda zako, mti unakauka taratibu na hakuna wa kulaumiwa. Kisha nikamwona anaizungushia ile pete furushi la kitu nisichokiona vizuri, juu yake karatasi ya nailoni nyeusi, akafunga kamba huku na huku kama peremende.

Nikatoka. Nikamwuliza anaufanya nini mti wangu.

"Nalifunga tawi langu kidonda," akasema, bila kugeuka.

"Kidonda kiko kwapani. Wewe umefunga kiganja."

"Nenda kashone," akasema, akashuka kwenye kigoda.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Hataki likatwe mara moja kwa msumeno, anataka life kwa mkono wake, polepole, na mimi nikitazama dirishani. Hili ni tusi. Mwenye tusi lake analiita dawa.

14 Machi

Mvua ya kwanza. Fupi, ya kutania.

16 Machi

Ameweka nguzo. Mti wa panda umechimbiwa ardhini upande wake, na tawi limelazwa juu yake kama mgonjwa kwenye mkongojo. Kwanza anamenya, kisha anashikilia. Muuaji na muuguzi ni mtu mmoja. Nimemwambia binti yangu, akasema, "Mama, shangazi ana mpango wake, hebu vumilia." Nikamwambia mipango ya shangazi yake ninaiona kila nikiutazama ukuta.

22 Machi

Leo tumeongea, kama yale ni maongezi.

Nilikuwa nafagia. Majani ya mkomamanga yameziba mfereji na maji ya mvua yakajaa upande wangu, nikayasukuma kwa ufagio yakapita chini ya ukuta, kwenye lile tundu waliloacha mafundi. Sikukusudia yafike jikoni kwake. Sikukusudia pia yasifike.

Akatokea juu ya ukuta. Nikasema kama tawi lingekatwa, majani yasingekuwepo.

"Kukata," akasema. "Wewe ukikuta kitu kizima hukai kwa raha mpaka ukikate. Ndiyo kazi yako."

"Mimi nikikata, nashona. Wewe ulikata nyumba, umeshona nini?"

Nilifikiri nimeshinda. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akiitumia bwenini taa zikizimwa, kwamba nyumba hii alizaliwa ndani yake, na kwamba kaka yake alipokuwa hai hakuhitaji kuomba nusu ya kitu, alikuwa akiingia tu. Akashuka. Nikabaki na ufagio.

Sikuwahi kumfungia mlango. Nataka hilo liandikwe. Baada ya msiba niliweka komeo kwa sababu naishi peke yangu, ndiyo maana yake komeo.

29 Machi

Mvua. Vitambaa havikauki. Kengele imelia.

3 Aprili

Uyoga umeota kwapani. Mweusi, laini, umbo la masikio. Nimeukwangua kwa kijiko, nikachota uozo uliolowa kama mkate uliotumbukia chaini, nikajaza majivu, nikafunika kwa beseni la zamani lililopasuka. Upepo ukalibeba beseni mpaka kwa jirani. Hakulirudisha, na mimi siombi.

Nilimwuguza mume wangu miezi mingi. Najua uso wa kitu kinachoondoka huku watu wanakwambia uvumilie. Kwa mti huu nilimcheka alipokuwa hai, na tangu aondoke ndio mti pekee ninaoamka kuutazama. Siwezi kukaa nikautazama ukioza kwa ajili ya ukaidi wa mtu mmoja.

9 Aprili

Sasa ni sumu.

Asubuhi nimemwona kwenye kigoda tena, ameshika bomba la sindano. Bomba kubwa, la hospitali. Amechomeka sindano kwenye lile furushi jeusi, akasukuma taratibu, akachomoa, akalipapasa furushi kama unavyopapasa mkono wa mtoto baada ya chanjo.

Bomba la sindano halioti shambani. Katika mtaa huu nesi ni mmoja, naye nilimzaa mimi.

10 Aprili

Nimempigia simu binti yangu. Nikamwuliza kama anampa shangazi yake vifaa vya kuulia mti wa baba yake. Akacheka kwanza. Ndipo nilipopandwa na hasira kabisa. Akasema, "Mama, tulia nikueleze, mimi niliapa nisi—" nikakata simu. Mtu aliyekula kiapo na adui yako hana la kukueleza. Amepiga tena na tena. Simu nimeifunika kwa mto wa sindano.

13 Aprili

Mvua mfululizo. Binti yangu yuko zamu ndefu, haji. Vema.

18 Aprili

Masikio yamerudi, mengi zaidi, na mengine yameota chini ya kwapa, kwenye shina lenyewe. Muuza miche alisema uozo utashuka. Sasa unashuka na ninauona.

Mteja wangu mmoja, yule ninayemwita Mama Vifungo kwa sababu kila gauni lake lazima lifumuke mbele, ameniambia wakati nampima kwamba jirani atakwenda kliniki ya macho Ijumaa, kutwa nzima, watamtia matone. Hakujua amenipa nini. Nilikuwa na pini midomoni, nikaendelea kupima.

24 Aprili

Nimekata.

Nitaandika kama ilivyokuwa, hata kama mkono hautaki.

Jirani alitoka asubuhi na mwavuli wake. Nikatoa msumeno wa mume wangu, nikaburuta meza ya kukatia vitambaa mpaka chini ya mti, nikapanda. Mvua ilikuwa imetulia kidogo. Nilianza karibu na shina kama nilivyoelekezwa. Msumeno uliingia kwa urahisi mno, na nilipaswa kujua hapohapo. Ulipofika katikati tawi likalia, nguzo ya jirani ikayumba, na kabla sijashuka uzito wote ukaanguka upande wa pili, ukichana gome la shina kuelekea chini kama mshono uliovutwa uzi.

Nikatazama jeraha. Sikuona mbao. Niliona tundu jeusi, limejaa unga mwekundu uliolowa. Nikachukua rula yangu ya mbao, ile ndefu ya kupimia vitambaa, nikaishusha ndani. Ikazama yote. Nilikuwa nimeishika kwa ncha ya vidole.

Kwa hiyo mti haukuwa unaanza kuoza. Ulikuwa umeshaoza, tangu zamani, chini huko, na tawi lilikuwa linatangaza tu. Ningelikata Machi, ningelikata mwaka jana, ingekuwa vilevile.

Nilikaa juu ya meza nikalia, na nilikuwa namlaani yeye bado. Nikasema sumu yake ndiyo. Nikasema nitalichukua lile furushi, nitaliweka mbele ya binti yangu alione. Nikapanda ukuta, mimi na magoti yangu haya, nikashukia upande wa jirani, mara ya kwanza tangu ukuta ujengwe. Tawi lilikuwa limelala na maua yake juu ya saruji iliyofagiwa vizuri. Beseni langu lilikuwa pale, limezibwa mpasuko kwa lami, limewekwa kukinga maji ya bati.

Nikakata kamba za furushi kwa mkasi. Nikafungua nailoni. Ndani yake palikuwa na kitambaa cha mistari ya buluu, kimelowa, kimeshikilia udongo mweusi. Sikuhitaji kukigeuza ili nikijue. Pindo lilikuwa langu, mishono midogo ya mkono niliyoshona kwa sababu yeye hakupenda pindo la cherehani, alisema linamkwaruza.

Na kupitia kwenye kitambaa, kati ya nyuzi, imetokeza mizizi. Myeupe, mingi, myembamba kama uzi wa kushonea vifungo.

Hakuwa anaua tawi. Alikuwa analizalisha. Gome limemenywa ili tawi litafute pa kushika, udongo umefungwa ili lipate, na bomba la sindano lilikuwa la maji, maji matupu, ili udongo usikauke. Nilikaa chini pale, kwenye ua wake, na kila kitu nilichokiandika katika shajara hii tangu Machi kikageuka na kunitazama.

Hasira hasara. Nimewaambia hivyo wasichana wote waliojifunza kushona kwangu, wakirarua kitambaa kwa sababu mshono umekwenda kombo.

Nimelikata tawi chini kidogo ya furushi, nikapogoa vitawi vyake nikaviacha palepale chini, nikalivusha ukuta nimelikumbatia. Shati sikulitoa; ningelitoa, mizizi ingekatika. Nikatia udongo kwenye debe la mafuta, nikapanda vyote pamoja, nikaweka chini ya dirisha la chumba cha kushonea ambako jua la asubuhi hufika. Nikafunga mlango.

Alirudi alasiri. Macho yalikuwa bado na matone, anatembea akipapasa. Niliona kwa pembe ya pazia. Alikuja moja kwa moja kwenye nguzo yake, akainua mkono kutafuta tawi, na mkono ukabaki juu. Nguzo ilikuwa imesimama na haijashika kitu. Akainama, akagusa majani chini, akayafuata kwa mkono mpaka pale nilipokata. Nilingoja apige kelele. Aliingia ndani.

25 Aprili

Kengele haijalia.

26 Aprili

Haijalia.

28 Aprili

Binti yangu amekuja. Hakuketi. Aliniambia akiwa amesimama kwamba shangazi yake alijifunza hayo kwenye bustani ya shule, na kwamba alikuwa anangoja mizizi ikomae, achukue mche wake, kisha nilikate tawi nitakavyo. Nikamwuliza kwa nini asiseme.

"Alisema lisipoota mizizi utamcheka."

Ningemcheka. Ningewasimulia wateja.

Alikuwa karibu kufungua mlango wa chumba cha kushonea, nikamwambia kuna pini chini. Sikumwambia kuhusu debe. Tawi likifa, nitakuwa nimemwua shangazi yake mara mbili, na mara ya pili nitakuwa nimempa matumaini kwanza.

3 Mei

Majani ya mche yananyauka. Namwagilia.

6 Mei

Yanadondoka. Namwagilia zaidi. Jirani anafagia upande wake kila asubuhi, hatazami huku. Zamani nilidhani akinyamaza nitapumua. Kumbe nilikuwa nimezoea kupigiwa kengele.

11 Mei

Mche hauna hata jani moja. Ni kijiti kwenye debe. Ninashona nikiwa nimekipa mgongo.

Nimefikiria lile shati. Nilidhani nimempa tambara, na yeye alilitunza mpaka alipopata kazi inayolistahili. Mimi yale mashati mengine, yale mazuri, nimeyafungia sandukuni na nondo wanayala. Sijui ni nani kati yetu aliyekuwa anadekia.

17 Mei

Muuza miche amerudi. Ametazama shina, akatikisa kichwa, akasema alijua tangu Machi kwamba umeshakwisha. Nikamwuliza kwa nini basi aliniambia nikate. Akasema mtu akiita fundi anataka aambiwe kitu cha kufanya. Nilitamani kumchoma kwa bisibisi yake mwenyewe.

Nikamwingiza chumbani, nikamwonyesha debe, yeye wa kwanza. Akakwaruza kijiti kwa ukucha. Chini ya ganda palikuwa na kijani. Akasema mizizi ilikuwa michanga, iliharakishwa, kinaweza kuishi na kinaweza kufa, na kwamba nisikivute kuona kama kimeshika. Nilikuwa nikikivuta kila siku.

Shina lazima liangushwe, maana likianguka lenyewe litachagua pa kuangukia. Watu wake watakuja.

22 Mei

Mvua zinapungua. Sijakivuta.

27 Mei

Wameuangusha mkomamanga. Haikuwachukua muda. Ndani ulikuwa mtupu kabisa, ganda limesimama kwa mazoea.

Walipokuwa wanakusanya vipande nikasikia hodi. Si ukutani, mlangoni, upande wa barabara. Nikafungua. Jirani amesimama, viatu vina tope, mikono nyuma, vilevile kama siku ile ya shati.

Hakunisalimu. "Lile furushi langu ulilitupa wapi?" akasema. "Nimetafuta jaani. Nimetafuta mpaka mtaroni. Nipe hata hicho kitambaa."

Nikamshika mkono, akautoa, nikatangulia, akafuata. Nikafungua chumba cha kushonea.

Aliliona debe, akapiga goti, lile bovu, akishikilia cherehani yangu. Kwenye ncha ya kijiti palikuwa na vichipukizi viwili vyekundu, vidogo kuliko kichwa cha pini. Mimi sikuviona asubuhi. Akaviona yeye, na macho yake yale.

Akatia kidole kwenye udongo. "Umekizamisha mno. Na maji haya ni ya kufugia samaki. Nani alikwambia umwagilie kila siku?"

"Hakuna."

"Ndiyo maana."

Akafukua udongo wa juu kwa vidole, taratibu, mpaka mstari wa buluu ukatokeza. Mkono ukasimama hapo.

"Hukulitoa shati."

"Mizizi imepita kwenye nyuzi," nikasema. Halafu nikasema lililokuwa limenikaba tangu siku ile ya msumeno. "Nilikupa lenye mfuko uliochanika. Nilifanya makusudi."

"Najua. Ndilo alilokuwa akilipenda. Mfuko aliuchana kwa penseli, kila siku penseli, mama alimkataza tangu utotoni." Alikuwa bado anatazama udongo. "Nilidhani unajua unachonipa. Nikasema, basi, huyu mwanamke ana moyo, ila anauficha."

Nikamwambia sikujua. Nikamwambia nilidhani anaua mti, kwamba niliona pete na sindano, nikaongeza yangu. Nikamwambia ninajuta. Alisikiliza yote akiwa amepiga goti, kisha akajifuta mikono kwenye kanga, akainuka kwa shida. Sikuthubutu kumsaidia.

"Sijakusamehe," akasema.

"Sijakuomba."

"Vizuri. Debe lisisogezwe hapa. Kwangu jua la asubuhi halifiki, ukuta unalizuia. Lakini mche ni wangu."

"Ni wako."

"Na huo mlango usiuwekee komeo mchana. Nitakuwa napita kukagua."

Akaondoka bila kuaga. Binti yangu ataniuliza tumeongea nini, na nitamwambia tumegombana, kwa sababu ni kweli.

28 Mei

Amekuja. Amesema nimegeuza debe. Sikugeuza.

30 Mei

Amekuja. Vichipukizi vimefunguka, majani manne, yanametameta kama yamepakwa mafuta. Hakunisifu. Amesema chumba kina vumbi la pamba na mche utakohoa. Nikamwambia mche haukohoi. Akasema mimi ndiye wa mwisho kujua mche unafanya nini. Hapo hana kosa. Beseni langu amelirudisha, limezibwa, ameliacha kizingitini.

1 Juni

Jua tangu alfajiri. Ua ni mweupe na mpana bila mti, na ukuta unaonekana wote, mbaya, bila plasta.

Nilikuwa nakata kitambaa cha Mama Vifungo saa sita ilipofika, na kengele ikalia. Nilishtuka kama kawaida yangu. Kisha nikagundua hailii ng'ambo ya ukuta. Inalia barabarani, mlangoni pangu, imebebwa njia nzima na mwanamke mwenye goti bovu. Mlango hauna komeo, angeweza kuingia. Hakuingia. Alisimama nje akipiga kengele, akingoja nimkaribishe.

Nimeweka mkasi chini, nimekwenda kumfungulia wifi.